Yangu Mpya, ya Wifi Mtumba

Mie na wifi yangu, dada wa mume wangu, tulifungua steshenari Goba, kwenye fremu ya chumba kimoja karibu na kituo cha bajaji. Kazi zilikuwa za kawaida: kuchapa barua, kutoa kopi, kujaza fomu za vyuo mtandaoni, kutengeneza kadi za harusi. Kila mmoja alikuja na laptop yake, na amani yetu ikaishia hapo. Majina ya kampuni zilizozitengeneza sitayataja, maana na wifi bado tunakaa mtaa mmoja na sina hamu ya kufufua kesi.

Yangu nilinunua mpya dukani, ndani ya boksi, na waranti ya mwaka mzima. Karibu mwezi mzima nilikuwa nasoma mitandaoni, nikilinganisha betri, kasi na uzito, hadi nikawa natazama video za watu wanaofungua maboksi tu. Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, na niliibeba kama mtoto ambaye hajatimiza arobaini.

Ya wifi ilikuwa mtumba kutoka Ujerumani. Nyeusi, nene, imechubuka pembeni, na ukiitua mezani meza inaitikia. Alinunua kwa nusu ya bei yangu, kwa mtu aliyemhakikishia kwamba ilitumiwa na mzungu mmoja tu, tena mpole.

"Wifi, hiyo yako siku upepo ukivuma tutaifuata Mbezi," aliniambia siku ya kwanza.

"Na hiyo yako mie nadhani ilikuwa kabati, wakaipunguza."

Tungeendelea hivyo miaka, kama asingekuja yule mzee. Alikuwa mtunza ghala mstaafu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Binti yake alikuwa amepata chuo na anahitaji laptop, na baba hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Shikamoo mzee," tukamwamkia kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Nasikia nyie mnazo mbili tofauti, na mnazitumia kutwa. Basi mie nitajifunza hapahapa."

Akaketi kwenye benchi la wateja, akatoa daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa kwa rula. Upande mmoja yangu, upande wa pili ya wifi. Alikuja siku nne mfululizo, na sijawahi kuiona laptop yangu ikisifiwa namna ile na mdomo wangu mwenyewe.

Siku ya kwanza umeme ulikatika, nikashukuru. Yangu ilidumu mpaka adhuhuri ikapita. Ya wifi ilizimika kabla mzee hajamaliza chupa yake ya maji.

"Umeona mzee?" nikasema.

"Betri ni soli ya kiatu," wifi akajibu bila kuona haya. "Ikiisha unabadilisha. Kiatu chenyewe umekionaje, mzee?"

Mzee akaandika pande zote mbili.

Kesho yake wifi alikuja na bisibisi ndogo kwenye mkoba. Akaigeuza ile nyeusi, akafungua kifuniko mbele ya mzee kama anayemenya chungwa. "Hii fundi yeyote pale Mwenge anaifungua. Hiyo ya wifi yangu hata skrubu zimefichwa."

"Kitu kizuri hakifunguliwi ovyo," nikasema.

Mzee akaandika, "Haifunguliwi," na mpaka leo sijui kama aliiandika kama sifa au lawama.

Siku ya nne nikaamua kumaliza ubishi. Ile ya wifi ilikuwa na ila moja ambayo hakuwahi kumwambia mzee. Vitufe vya kibodi yake vilikuwa vimepangwa kwa Kijerumani, ila ndani ilikuwa imewekwa Kiingereza, kwa hiyo ukibonyeza kitufe kilichoandikwa Z, kwenye kioo inatokea Y, na ukibonyeza Y inatokea Z. Kwa kawaida alisahihisha kabla ya kuchapa. Asubuhi ile alikuwa na haraka, na kadi ishirini za harusi zilikuwa zimeshatoka kwenye printa. Nikaokota moja, nikaisoma kwa sauti ya msemaji wa ukumbini:

"Kwa uweyo wa Mwenzeyi Mungu, wayayi wa bwana harusi..."

Sikufika mwisho. Nilicheka mpaka machozi, nikapiga meza kwa kiganja, na kikombe changu cha chai ya tangawizi kikapinduka chote juu ya laptop yangu mpya.

"Zima! Igeuze!" wifi akapiga kelele. Alinyakua upande wa kanga yake, akaanza kufuta kabla mie sijafunga mdomo. Kioo kikawa cheusi. Kwenye benchi nikamsikia mzee akiandika. Nikachungulia: "Haivumilii chai."

Wifi akaikausha kwa karatasi za kopi, akaniambia niikimbize nilikoinunua.

Dukani kijana wa waranti aliinusa tu. "Dada, hii ina tangawizi," akasema, akanirudishia. Fundi wa Mwenge akaniambia kibodi lazima iagizwe, nisubiri wiki kadhaa. Nami nilikuwa na ripoti ya mwanafunzi, kurasa nyingi, inatakiwa keshokutwa.

Niliporudi, wifi alikuwa ameshasogeza ile nyeusi upande wangu wa meza. Kadi za harusi alikuwa ameshazisahihisha na kuzichapa upya, akachukua mkasi akaanza kuzikata.

Nikaanza kuchapa kwa kiburi kidogo. Baada ya ukurasa mmoja akainama begani kwangu.

"Wifi, hapo umeandika Tanyania. Hiyo ni nchi jirani?"

Nilitaka kununa, nikashindwa. Tulicheka mpaka mwenye duka la dawa wa jirani akaja kuuliza kulikoni. Ripoti ilikwisha kwa wakati, na ile kabati haikukwama hata mara moja. Hilo nalikiri hapa, kwa sababu najua wifi hasomagi vitabu.

Yangu ilipona, ikawekwa kibodi mpya, na inafanya kazi mpaka sasa.

Mzee alirudi siku nyingine, safari hii na binti yake. Binti alitua mezani laptop ya kampuni ya tatu, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitaja. Ilikuwa ya zambarau.

"Umeichagulia nini hii, mwanangu?" wifi akamwuliza.

"Rangi," akajibu binti.

Mzee alikuwa anatazama bango la bei za kopi. "Nilimpa daftari lote alisome," akasema taratibu. "Akaniambia nina mwandiko mzuri."

Tulimwekea programu alizohitaji, tukampa soda. Walipoondoka wifi alikiri kwamba angekuwa na umri ule, naye angechukua ya zambarau.