Dhahabu Haipendi Sabuni

Nilipokuwa na miaka tisa, baba yangu aliacha kuoga kwa miezi mitano, na sisi wa nyumbani tukaambiwa tuheshimu. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa mlevi. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko Rwamgasa, na mganga alikuwa amewaambia yeye na wenzake watatu kwamba dhahabu haipendi sabuni.

Leo mimi ni mtu mzima, mwalimu wa historia mjini Kahama, na bado nikiikumbuka harufu ile mate ya kichefuchefu hunijaa mdomoni. Wengine wakisimulia utoto wao hukumbuka harufu ya mvua ya kwanza. Mimi nakumbuka jasho lililokauka, likaloweshwa na jasho jingine, likakauka tena. Anayesoma akila anisamehe.

Tulikuwa tumetoka Kishapu, kwenye pamba na ng'ombe, mwaka ambao mvua iligoma. Baba aliuza ng'ombe waliobaki akaingia ubia kwenye duara moja. Duara ni shimo tu, lenye magogo ya kuzuia kuta na kamba ya kushukia, lakini wachimbaji hulizungumzia kama mtu: limenuna, limekasirika, limetema. La kina baba lilitema dhahabu kidogo mwanzoni, kisha likanuna. Ndipo akaitwa mganga. Alikuja amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kucha zake zimekatwa vizuri. Hilo la kucha nimelifikiria ukubwani. Wakati ule hakuna aliyeuliza kwa nini yeye anaruhusiwa kuoga.

"Dhahabu ni kiumbe, ina pua," aliwaambia. "Humfuata mtu anayenuka udongo. Anayenuka duka humkimbia."

Basi wasioge. Wasikate nywele wala kucha. Wasishuke na viatu. Shati la kazi lisiguse maji hadi mwamba wenye dhahabu ufunguke vizuri. Mwanamke asisogelee shimo, ingawa hilo la mwanamke halikuwa jipya kwa mtu yeyote.

Wiki ya kwanza tulicheka. Mama alikuwa na ulimi, na kila jioni alikuwa akipeleka ndoo ya maji ya moto bafuni kwa makusudi. "Maji yako hayo, Baba Kabula," alikuwa akisema. "Wenzako wakiyavulia nguo huyaoga. Wewe hata shati huvui." Baba alikuwa akicheka naye. Mwezi wa pili aliacha kucheka. Mwezi wa tatu mama aliacha kupeleka ndoo, akahamia kulala nami kwenye godoro langu chumba cha mbele.

Sitaki kuyapamba. Kola ya shati lile ilikuwa nyeusi na ngumu, na kwenye mishono yake chawa walikuwa wamejipanga. Baba alipata upele katikati ya vidole, akawa anajikuna huku anakula, na mkono uleule unarudi kwenye sahani. Mama alianza kumpakulia ugali wake pembeni bila kusema neno. Nzi walikuwa wakimsindikiza mpaka mlangoni. Lakini kuna jambo lililonichefua kuliko nzi na chawa, nalo ni jinsi watu walivyompisha. Kina baba wakipita sokoni wanne kwa pamoja, watu walikaa kando na kuwaamkia kwa adabu. "Hongereni, hilo duara linawapenda," walisema, huku wamebana pumzi. Na baba akaanza kutembea kifua mbele. Kwanza alivumilia uchafu, kisha akauzoea, mwishoni ukawa ndio cheo chake.

Darasani mimi huwafundisha wanafunzi wangu hatua alizopitia binadamu: aliokota mawe, akawasha moto, akafuga, akalima. Mtaala hauna mahali pa kusema kwamba binadamu huyu pia huzoea. Huzoea chochote, na akishakizoea hukiita mila, na ukibana pua mbele yake atakuona huna adabu. Nimekaa kwenye semina nikasikia watu wenye suti wakisema utamaduni wa kila jamii una hekima yake. Huwa nawaangalia kola zao, safi kabisa, nikajisemea hawa hawajawahi kulala chumba kimoja na hekima.

Nilianza kunuka na mimi. Shati la baba lilikuwa likining'inizwa kwenye msumari juu ya godoro letu, na sare yangu ya shule kwenye msumari wa pili. Minza, rafiki yangu niliyeketi naye dawati moja, alisogea hadi ukingoni, kisha akahama kabisa. "Kabula ananuka duara," alimwambia mwalimu, bila ubaya, kama anayeripoti kwamba chaki imekwisha. Mwalimu akanihamishia dirishani peke yangu.

Jumapili iliyofuata mama aliondoka alfajiri kwenda kuuza maandazi mnadani Katoro. Lubinza, mkubwa wa duara lao, ndiye aliyembebea ndoo ya maandazi hadi kwenye pikipiki. Nilimwona kwa macho yangu, na naomba msomaji alishike hilo. Baba alikuwa amelala, shati liko msumarini. Nikalitungua. Nyuma ya choo nilijaza beseni, nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikafua.

Maji ya kwanza yalikuwa meusi, na ya pili yalifanana na chai ya rangi. Ya tatu yalikuwa na ukoko unaoelea ambao mpaka leo sijui ulikuwa nini, nikatapika kidogo pembeni, nikarudi kufua. Chini ya uchafu kulikuwa na mistari ya bluu. Nilikuwa nimeisahau! Nilifurahi mno kuiona ile mistari, nikaimba. Jua la Rwamgasa halichelewi. Kufika saa sita shati lilikuwa limebaki na unyevu wa kwenye mifuko tu, nikalirudisha msumarini.

Baba aliamka, akalishika. Akaleta kola puani. Akaniangalia mimi niliyekuwa nachambua mchele, akaangalia mlango. Kisha akalivaa, akafunga vifungo vyote, akaenda zake duarani. Nikajua hakugundua. Ndivyo akili ya mtoto ilivyo, huamini kile kinachomwokoa.

Saa kumi mama alirudi. Saa kumi na moja jua likiwa bado juu, baba na wenzake watatu walisimama mbele ya nyumba yetu.

"Mwamba umepotea," alisema Lubinza kwa sauti ya kusikiwa na majirani. "Tumegonga jiwe tupu. Na wewe Baba Kabula, hilo shati linanukia nini?"

 Wakamsogelea mmoja mmoja, wakanusa kola. Hiyo picha haijanitoka: wanaume watatu wenye nywele zilizogandamana na midomo iliyopauka, wananyoosha shingo kumnusa mwenzao, na nyuso zao zinaonyesha kinyaa. Kinyaa cha sabuni!

"Nani amefua?"

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliangalia shati. Akaangalia vidole vyangu, vilivyokuwa vimechubuka kwa sabuni. 

"Nimefua mimi," alisema.

Mganga aliulizwa jioni ileile, na jibu lake likaletwa mpaka kwetu: mkono uliofua uondoke, la sivyo dhahabu haitarudi. Baba alilisikiliza akiwa ameketi kwenye kigoda, anajikuna. Mama alimwambia, "Baba Kabula, sema neno." Akaendelea kujikuna. Asubuhi mama alifunga kanga zake kwenye furushi akaenda kupanda basi la kumrudisha Kishapu kwa bibi. Mimi nilibaki, kwa sababu mahari ilitolewa yote na mtoto ni wa baba, na kwa sababu lazima awepo wa kupika. Basi mkono uliofua ukabaki palepale, unasonga ugali, mwezi baada ya mwezi.

Mama alipokuwa ananiaga alinivuta kando. "Oga kila siku, mayu," aliniambia. Mayu ni mama, na kwetu mtoto wa kike huitwa hivyo kwa kumpenda. "Na mdomo wako uufunge."

Niliufunga. Ningependa kusema niliufunga kwa kumtii, lakini niliufunga kwa woga, na kwa jambo jingine ambalo naona aibu kuliandika. Niliamini. Nilikuwa nikiitazama mikono yangu kitandani, mikono hii midogo iliyofukuza dhahabu kutoka chini ya ardhi, na ndani ya hofu yangu kulikuwa na kijisehemu cha kujiona. Mama yangu amefukuzwa, nami nastaajabia nguvu zangu. Ukitaka kumjua binadamu huna haja ya kusoma vitabu vingi, chungulia tu hapo.

Duara halikutema tena. Miezi miwili baadaye waligawana kamba na nyundo, kila mtu akashika njia yake. Siku hiyo baba alioga. Alirudi nyumbani amekuwa mdogo, kama kuku aliyenyeshewa. Nikamuuliza kama sasa tutamfuata mama. "Ameshazoea kwao," alijibu. Mama aliishi Kishapu mpaka nilipokuwa chuo cha ualimu, akafia huko. Kila likizo nilipokwenda kumwona alininusa shingoni kwanza, akacheka, akasema, "Vizuri, unaoga." La shati hakuligusa kamwe. Mimi nikasema nitamwomba msamaha likizo ijayo, na likizo ijayo, mpaka likizo ikanikuta makaburini.

Kwa miaka yote hiyo nilibeba mambo mawili. Mwalimu ndani yangu alijua kwamba jiwe halina pua. Yule mtoto wa miaka tisa alijua kwamba alifua shati na mwamba ukapotea siku hiyohiyo. Wote wawili walilala ndani ya kichwa kimoja bila kugombana. Watu hunishangaza wanaposema mtu ama anaamini ama haamini.

Baba sasa anaishi kwangu. Kiharusi kimemchukua upande wa kulia, na kila asubuhi mimi humkalisha uani kwenye kiti cha plastiki nikamwogesha. Anapenda kuoga kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Anataka asubuhi na jioni, anataka sabuni yenye manukato, na sabuni ikiisha hununa kama duara.

Mwezi uliopita nilikuwa na haraka ya kuwahi kipindi, nikammwagia maji makopo mawili nikachukua taulo.

"Bado kuna povu masikioni," alisema kwa mdomo wake uliopinda. "Wewe hujawahi kujua kusuuza. Hata lile shati uliliacha na povu mfukoni."

Nilisimama na taulo mkononi. "Shati gani, baba?"

"Acha hizo, Kabula. Mama yako asingeacha povu."

"Kwa hiyo ulijua ni mimi."

"Wote tulijua. Lubinza si alimsindikiza mama yako kwenye pikipiki?" Alipumzika, maana maneno humchosha. "Na mwamba uliisha Alhamisi. Siku tatu kabla ya shati lako. Hata hilo tulijua."

Nilimuuliza kwa nini. Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu jirani alichungulia juu ya ukuta. Baba aliangalia miguu yake iliyoloa.

"Miezi mitatu," alisema. "Tulikuwa wanaume wanne, mji mzima unatuona. Nani angetangulia kusema kwamba tumenuka bure? Shati lile lilituokoa."

Ujinga ninausamehe. Ndiyo kazi yangu, nalipwa kukaa na ujinga wa vijana kuanzia saa mbili asubuhi. Ningemsamehe baba ambaye aliamini kweli kwamba dhahabu ina pua, akamtoa mke wake kwa hofu. Huyo ndiye niliyekuwa nimemhurumia miaka yote. Hakuwahi kuwepo. Waliokuwepo ni wanaume wanne waliojua ukweli tangu Alhamisi, wakaukalia mpaka Jumapili wakisubiri mtu wa kumbebesha, na mke akajitokeza mwenyewe ili mtoto asiguswe. Siku hizi nikiwa nafundisha vita na falme na dini za watu wa kale, huwa nakatika katikati ya sentensi nikijiuliza ni mara ngapi watu waliendelea na upuuzi kwa sababu tu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiri kwamba wamenuka bure. Wanafunzi hudhani nimesahau somo.

Na mimi simo nje. Nilikuwa na vidole vilivyochubuka kwa sabuni, na mdomo, na likizo kumi na moja.

Nilimwangalia. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, povu limemkalia masikioni na begani, mzee mwenye mkono mmoja unaofanya kazi. Nilitamani nimwache hapohapo, nichukue mkoba, niende shuleni. Nililitamani hilo kwa moyo wangu wote, nasema kweli, na nikakaribia kulifanya. Kisha nikachota maji. Nikamsuuza nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, nikachota tena nikamsuuza upya, kama ambavyo mama angemsuuza. Mwili mzima alikuwa ananukia sabuni, na mimi nilikuwa nimebana pumzi.