Miwani ya Watu

Mtaalamu wa dawa za usingizi za upasuaji ana macho mekundu na mikono ya baridi, ambayo huiombea radhi kabla ya kumgusa mgonjwa. Wagonjwa wakipona humshukuru daktari mpasuaji. Yeye hata sura yake hawaikumbuki. Mfuko wake wa kifuani haukosi miwani ya mtu. Alisoma utafiti kwamba wazee wengi huzinduka baada ya upasuaji wamechanganyikiwa, na kwamba kuwavisha miwani yao mapema huwasaidia. Tangu hapo huichukua mwenyewe wodini, na manesi wamembatiza Muuza Miwani.

Leo bibi aliyepasuliwa nyonga amezinduka akiita watu wasiokuwepo na kung'ang'ania kuchomoa dripu.

"Muuza Miwani, tumfunge mikono?" nesi akauliza, bandeji tayari.

"Ngoja kwanza, dada."

Akatoa miwani ya bibi mfukoni, akafuta vioo kwa shati, akamvisha, akainama karibu. "Bibi, upasuaji umekwisha. Unaniona?"

Bibi akamkazia macho; nesi akaanza kukunjua bandeji.

"Nakuona, mjukuu wangu. Umechakaa. Kwenu hakuna wa kukwambia ukalale?"

"Rudisha bandeji," akamwambia nesi. "Huyu ana akili kutuzidi sote."