Alhamdu Moja Kabla ya Sauti

Mama alipiga simu kutoka Dar kuniambia kwamba macho ya baba hayatarudi. Madaktari wameyaangalia, wamesema ndiyo basi. "Tunarudi kesho kutwa," akasema. "Na usije ukamlilia mbele yake."

Sikulia. Niligeuka nikaitazama redio iliyokuwa mezani kwangu, nikasema hii lazima iongee siku atakayofika. Hapo ndipo nilipojiponza.

Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Kibiti, na kazi hii nilifundishwa na baba. Redio yenyewe ni yake, ya ujana wake, redio ya valvu: yale machupa ya kioo ambayo lazima yapate moto kwanza ndipo sauti itoke. Ilikaa miaka mingi Mbwera kwa shangazi, ikila chumvi na unyevu, hadi baba alipoagiza iletwe kwa boti. Wakati huo alikuwa bado anaona vivuli vivuli. Alilipapasa lile boksi la mbao akacheka peke yake. Kabla ya kwenda Dar aliniachia agizo moja: "Ikague, ipanguse, pima kila kitu. Ila usiiwashe bila balbu."

Balbu ndiyo kinga ya mafundi wa zamani. Unaiunga njiani, umeme upite kwake kabla ya kuingia kwenye redio. Kama ndani kuna hitilafu, balbu itawaka kwa nguvu na kuubeba ule moto yenyewe. Kama redio ni nzima, itawaka kidogo halafu itafifia. Lakini lazima iwe balbu ya waya, ile ya kizamani. Hizi za siku hizi hazifai.

Nilikagua vizuri, nisijidhulumu. Nilichomoa valvu moja moja, nikaandika kwenye karatasi kila moja ilikotoka nisije nikazichanganya. Nikazipima kwa mita, zote hai. Waya wa umeme ulikuwa umepukutika mpira wake, nikaubadilisha. Kutu nikaisugua kwa brashi. Kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, mbili zilikuwa zimevuja nta, nikaweka mpya. Zilizobaki nikaziona nzima kwa macho tu. Kwa macho tu! Fundi gani huyo? Lakini haraka ilikuwa imeshanipanda kichwani.

Kesho yake nikaitafuta balbu ya waya Kibiti nzima. Duka la kwanza, la pili, la tano, jibu lilelile: "Dada, hizo ziliisha zamani, chukua hii haili umeme." Baba alikuwa nayo moja, kaificha, sikujua wapi. Kumpigia simu sikuthubutu. Mtu ameambiwa hataona tena, mimi nimuulize eti baba, balbu iko wapi? Nilirudi roho iko juu juu. Kesho wanafika. Nikasema bismillahi, nikachomeka.

Ilinguruma kidogo. Kisha ikaja harufu ya lami inayoungua. Nilipochomoa nimechelewa, transfoma, lile bonge la waya linalopokea umeme kwanza, inafuka moshi na kudondosha lami nyeusi mezani. Lahaula! Nilikaa chini sakafuni, mikono kichwani. Mimi na papara zangu.

Mtu mwenye akili timamu angesubiri, aseme ukweli. Mimi nikachukua redio ndogo ya Kichina, mpya, nikaificha ndani ya lile boksi na kuiunga na kitufe cha zamani. Ukizungusha kitufe, inaongea. Nilijaribu mara kumi. Kila mara ilikubali.

Baba alifika kabla ya adhuhuri, mkono wake begani kwa mama. Hakutaka chai, hakutaka kulala. "Iko wapi?" Nikamwongoza mpaka mezani, akazungusha kitufe, midomo ikaanza kucheza.

Yarabi! Nilikuwa nimesahau kabisa. Tulipokuwa wadogo, baba akiwasha redio husoma Alhamdu moja, taratibu, nasi tumenyamaza kumzunguka. Akifika amina, sauti inakuja. Huo ndio muda wa valvu kupata moto. Leo mtangazaji alianza kubwabwaja hata aya ya kwanza haijaisha.

Akazima. Akawasha tena, sauti papo hapo. Akaweka kiganja juu ya boksi, akangoja joto.

"Imekufa lini?"

"Jana, baba."

"Uliweka balbu?"

"Sikuipata."

"Na simu hukuwa nayo?"

"Nilikuonea huruma."

"Redio ni mbao na vioo," akasema. "Mimi kuanzia sasa nikiambiwa samaki hana miba, natia mdomoni. Nikiambiwa hapa hakuna shimo, nakanyaga. Macho yangu ni nyinyi. Nawe ndiyo umeanza hivi?"

Nikamlilia mbele yake, kile nilichokatazwa. Hakuninyamazisha. Siku tatu nzima alinijibu neno mojamoja tu, "ndiyo", "hapana", "weka hapo". Siku ya nne, tunakula, akasema bila kugeuka: "Balbu iko ndani ya debe la mchele, nimeifunga kwenye kipande cha kanga."

Transfoma niliituma Dar ikasukwe upya. Ilirudi na onyo la fundi: waya wa aina hii umeniishia, ukiiunguza tena usinipigie simu. Nikaifunga mahali pake, skrubu zikinidondoka kila mara. Nikaunga balbu. Baba alikaa kando yangu, mikono magotini.

"Chomeka," akasema, akaanza Alhamdu.

Balbu ikawaka. Nikaingoja ififie. Haikufifia. Ilimulika meza nzima, ikammulika yeye usoni, wala hakupepesa.

"Inasemaje?"

Nilitamani, wallahi, nilitamani kusema inafifia. Alikuwa ameinua uso kama mtoto anayengoja kuitwa. Mwezi mzima alikuwa anaisubiri redio hii, na sasa nimwambie nini?

"Inawaka sana, baba. Haipungui hata kidogo."

"Zima!"

Nikachomoa. Nilimtazama kwa hofu, nikingoja maneno. Baba alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu arudi kutoka Dar.

"Kuna kapasita umeiruka," akasema, akakivuta kiti chake hadi magoti yakagusa meza. "Haya, mwanangu. Niambie unaona nini."