Siku Niliyovuka Mlango wa Mkwe

Mume wa binti yangu alimvunja mkono kwa sababu ya chumvi. Chumvi ilizidi kwenye mboga, akachukua mti wa kupigia deki, akampiga nao mpaka mfupa ukalia. Niliambiwa na jirani yao, na tangu hapo nikisikia mtu akisema "hayo ni mambo ya mume na mke", damu inanipanda kichwani.

Mkwe wangu alikuwa nyapara wa jengo la ofisi za serikali mjini Kakamega, kazi ya kutunza jengo, ambayo siku hizi mnaiita ukeateka. Funguo zote zilining'inia kiunoni mwake. Alipewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya jengo, ndimo alimokaa na binti yangu. Wafagiaji nao aliwachapa. Akikuta sakafu nyekundu haing'ai, anavua mshipi. Ilikuwa ile miaka ya uhuru, Wazungu wanafunga masanduku yao, Waafrika wanaingia ofisini na suti mpya, na mji mzima unaimba. Binti yangu alizisikiliza nyimbo hizo akiwa amefungiwa kufuli kwa nje.

Alitoroka akaja kwangu Shinyalu, mkono umefungwa kwa leso. Mimi ni mjane, kwa hiyo neno lilikuwa la shemeji zangu. Wakamrudisha. Walisema ng'ombe wa mahari wameshaliwa, na mwanamume akipiga ni uchovu wa kazi tu. Nikawauliza, na akimuua je? Wakaniambia nisiite mabaya. Nikajua safari nyingine nitaletewa mwanangu kwa machela.

Muda si mrefu nikasikia ofisi zile zinatafuta mwanamke wa kuosha choo cha akina mama, maana serikali mpya ilikuwa imeajiri makarani wanawake. Karani aliyeniandika hakuniuliza binti yangu ameolewa na nani. Nikapewa ndoo ya bati, brashi ya mti mrefu na kipande cha blanketi cha kung'arishia sakafu.

Nyinyi vijana mmeyaacha haya, kwa hiyo wacha niseme. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia kichakani mpaka mama apite. Na mama naye hakanyagi ndani ya nyumba ya mkwe wake. Akikanyaga, tulifundishwa, tumbo la binti yake litafunga asizae tena. Sasa lile jengo lilikuwa na korido moja ndefu, na kwenye korido hakuna kichaka.

Siku ya kwanza mkwe wangu alikuja akipiga mluzi. Akanikuta nimepiga magoti, nasugua. Mluzi ukakatika. Alirudi kinyumenyume akaingia stoo, akajifungia. Nikaburuta ndoo yangu hadi mbele ya mlango wa stoo, nikasugua pale pale asubuhi nzima. Mwishowe nyapara mzima akatokea dirishani, suruali ikashikwa na msumari ikapasuka. Wenzangu walicheka wakashika mbavu. Mimi sikucheka, hasira zilikuwa zimenijaa mpaka kooni.

Alienda kunishtaki kwa bwana mkubwa mpya. Bwana huyo hakuwa mtu wa kwetu, alitoka mbali, na mambo yetu hakuyajua. Akamuuliza, "Unaogopa mwanamke wa deki?" Mkwe wangu hakuweza kumweleza, akatoka kichwa chini.

Basi nikaanza kumbana. Mfereji wa kujazia ndoo ulikuwa kando ya mlango wa nyumba yake. Saa ya chakula nilikaa pale nikifua matambara, naye hakuweza kuingia kwake. Alisimama nyuma ya ukuta na njaa yake, anasubiri niondoke, mimi siondoki. Tangu wazee wamrudishe binti yangu, hakumfungia tena kufuli, alijua hana pa kukimbilia; basi yeye alikuwa anakaa kizingitini, mimi mferejini, tunaongea. Siku hizo za mwanzo nilijiona mjanja kuliko wazee wote wa ukoo.

Kisha asubuhi moja binti yangu alitoka mdomo umepasuka na jicho limeziba.

"Mama, acha hii kazi," akaniambia. "Wewe ukimzuia mchana, jioni ananilipishanga mimi."

"Nikiacha atakuua."

"Na usipoacha pia."

Niliendelea kufua tambara ambalo lilikuwa limetakata zamani, na machozi yakanitoka kwa uchungu. Kumbe kila nilipomnyima chakula chake, alikuwa anakuja kula mwili wa mwanangu.

Alasiri moja nilikuwa chooni nikimwaga dawa. Nilipokuwa mferejini nimejaza ndoo, brashi imo ndani, nikasikia mshipi. Sauti ile ukiisikia mara moja huisahau. Dirisha lao lilikuwa wazi, na yeye alijua niko nje, kwa sababu alipaza sauti akimwambia mwanangu, "Mwite mama yako sasa. Mwambie aingie." Akapiga tena. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, hata komeo hakutia. Kwa nini atie? Mwiko wenyewe ulikuwa komeo lake. Alikuwa na uhakika kwamba nitasimama pale kizingitini na ndoo yangu nisikilize mpaka achoke.

Na kweli nilisimama. Nilifikiria tumbo la binti yangu na wajukuu ambao sitawaona. Halafu mle ndani binti yangu akaita, "Mama."

Nikaingia. Alikuwa kifua wazi, suruali imelegea kwa sababu mshipi ulikuwa mkononi. Nilimpiga ndoo ya sikio, maji yakamwagika sakafuni, akateleza akagonga meza. Binti yangu alitambaa akapita miguuni petu, akatoka nje. Sikumfuata. Nilichukua brashi nikaanza kazi niliyoijia. Nilimpiga mgongo, nikampiga mbavu, nikampiga magoti alipojaribu kuinuka. Aliangusha mshipi akageukia ukuta, akafunika uso kwa mikono yote miwili asinione. Nikavipiga vidole hivyo hivyo mpaka kimoja kikapinda. Damu ilitiririka kwenye ukuta wa chokaa. Yeye anauambia ukuta, "Mama, toka. Tafadhali mama, toka." Mti wa brashi ukavunjika, nikaendelea na kipande kilichobaki. Wafagiaji ndio walionitoa, wawili wananivuta, mmoja ananibembeleza. Wangechelewa kidogo ningemuua, na nilitaka kumuua. Sioni haya kusema.

Kazi nilifukuzwa siku hiyo hiyo. Kikao nacho kiliitwa upesi sana. Mkono wa mwanangu ulipovunjika hakuna aliyeita kikao, lakini mama mkwe kuona kifua cha mkwe wake kuliwatoa wanaume wa pande zote mbili, wengine walikuja kutoka Mumias. Waliniuliza kwa adabu kubwa kama nilimgusa kwa mkono au kwa brashi tu. Nikawaambia kwa vyote, na kwa ndoo. Wakachinja kondoo, wakatupaka taka za tumbo lake kututakasa, yeye upande ule, mimi upande huu, tumepeana migongo. Kisha wakasema ndoa imekufa. Mwanamume aliyepigwa na mama wa mkewe hawezi tena kulala na mke huyo. Shemeji yangu mkubwa alipoambiwa ng'ombe warudi, aliguna kama aliyepigwa yeye. Nami nikamchukua mtoto wangu.

Tulitembea kurudi Shinyalu, yeye mbele mimi nyuma. Tulipoacha nyumba za mji, akapunguza mwendo.

"Mama," akaniuliza, "ulipokuwa unampiga, alikurudishia?"

"Hapana."

"Hata kukusukuma?"

"Alifunika uso tu, akaniomba nitoke."

Akatembea kidogo, kisha akasimama.

"Kumbe anawezanga kujizuia," akasema.

Akakaa chini kando ya njia, akalia kilio ambacho hata chini ya mshipi sikumsikia akilia.