Suti ya Baba kwa Kirusi

Ijulikane kwa wote, walio na vocha na wasio na vocha, kwamba siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, katika kibanda namba kumi na moja cha ukumbi wa maduka katikati ya jiji la Durban, Bwana Ruphin, fundi simu kutoka Kongo, mume wa mke mmoja na baba wa binti mmoja, alivunja rasmi uhusiano wa kidijitali na mataifa ya Magharibi. Hadi tunakwenda mitamboni, mataifa ya Magharibi yalikuwa hayajatoa tamko.

Sababu alizozitoa mwenyewe zilikuwa nzito. Alitaja ubeberu. Alitaja heshima ya Mwafrika. Alisema kuna mtu huko Marekani ameajiriwa, ana meza na kiti cha kuzunguka, kazi yake kusikiliza Ruphin anavyoagiza fufu. Mkewe, Marie-Jeanne, anayesuka nywele kibanda kinachofuata, alikuwa na sababu moja tu, na aliitoa akiwa na kitana mdomoni.

"Amesahau mot de passe."

Na kweli, neno lake la siri alikuwa amelisahau. Alijaribu jina la mkewe, likakataa. Akajaribu jina la binti yake, likakataa. Akajaribu mwaka wake wa kuzaliwa, ule wa kweli, na baadaye ule ulioandikwa kwenye karatasi za ukimbizi, yote miwili ikagoma. Mtu mwingine angebonyeza pale palipoandikwa "umesahau?" yakaisha. Ruphin aliliona swali lile akalihesabu kuwa tusi. Akahamia kwa Warusi.

Programu aliyohamia inaitwa Golubok, maana yake eti njiwa mdogo, ingawa njiwa wa kwenye picha alikuwa amenenepa kama kuku wa Krismasi. Inatuma ujumbe, inatafuta habari, inatafsiri lugha, na ina ramani. Kwenye ramani hiyo mtaa wa Greyville, anakoishi Ruphin, haukuwa na barabara hata moja. Palichorwa farasi tu, wa uwanja wa mbio ulio jirani. Kuna Warusi wanaotumia vitu kama hivyo kwa kuwa wamefungiwa vingine. Ruphin alivikimbilia akiwa huru kabisa, mlango uko wazi, na hakuna aliyemfukuza.

Kirusi alikipata wapi? Kaka yake mkubwa aliwahi kuandikwa kwenye orodha ya vijana wa kwenda kusoma Moscow. Hakwenda. Lakini kuanzia siku ile ukoo mzima umekuwa ukitembea kama watu walioshuka kwenye ndege jana, na bado wana baridi. Ruphin mwenyewe anajua maneno matatu: da, njet na spasiba, yaani ndiyo, hapana na asante. Hilo la tatu hulitumia kwa maana ya "karibu tena".

Hakuishia kwenye simu. Alichukua rangi nyekundu akaandika jina lake juu ya kibanda kwa herufi za Kirusi. Ya kwanza ilikuwa P. Ya pili Y. Ya tatu duara lililochomwa mshikaki. Ya nne N iliyogeuka kutazama nyuma, kama iliyosahau kitu nyumbani. Ya tano H. Wateja wa Kizulu walisoma P na Y, wakachoka, wakaishia hapo.

"Eish, Bra Py! Simu yangu iko tayari?"

"Bra Py", yaani Kaka Py, likawa ndilo jina lake. Machano, Mzanzibari anayeuza makava ya simu kibanda cha mbele, alilifurahia mpaka akaacha kulala mchana.

"Babu wee, Bra Py! Hawa Warusi wako wanakujua? Au unawapenda peke yako, kama mtu anayempenda mtangazaji wa televisheni?"

"Machano, weye uko mutumwa na hujijui."

"Mtumwa ninayejua simu yangu inasema nini. Yako hiyo inasema nini? Soma hapo juu, tusikie."

Ruphin alitazama pale juu. Palikuwa na mstari mzima wa herufi, zimejipanga kama askari. "Inasema iko muzuri," akajibu, akaiweka mfukoni. Sasa na tuingie kwenye suti.

Binti yake, Grâce, mwalimu wa chekechea, alikuwa amechumbiwa na Pascal, kijana anayepaka magari rangi Isipingo. Vijana hawa hawakuwa na shida yoyote. Walipendana, walikuwa na kazi, waliimba kwaya moja. Kilichobaki ni wakubwa kukutana, na kabla ya hapo baba wa binti kupeleka orodha ya vitu vinavyodaiwa na desturi, ile wenyewe huiita facture: mbuzi, chumvi, sabuni, kitenge cha mama, na mwisho kabisa, kwa unyenyekevu wa uongo, suti ya baba. Kwao suti hiyo huvaliwa palepale mbele ya wageni. Isipovaliwa, mazungumzo hayafungwi, na harusi inabaki hewani.

Ruphin hajawahi kuwa na suti mpya. Ana koti moja alilonunua mtumba, mkono wa kulia mfupi kuliko wa kushoto, na limehudhuria kila harusi na kila msiba wa Wakongomani wa Durban. Na mtu wa kushona suti hiyo mpya alikuwa ndani ya ukoo: Onesphore, mjomba wa Pascal, fundi cherehani mwenye duka karibu na kituo cha teksi Isipingo, mtu ambaye mikunjo ya suruali zake ingeweza kukata mkate. Binti alitaka mume, baba alitaka suti, na kwa kusema haki, baba ndiye aliyekuwa akikosa usingizi.

"Andika ku karatasi, Baba Grâce," Marie-Jeanne alimsihi. "Karatasi haina mot de passe."

"Karatasi iko kitu ya wazee. Hii ni mambo ya heshima, itapita kwa Golubok."

"Onesphore haiko na Golubok."

"Ataweka. Anataka binti yangu ao hataki?"

Onesphore, mtu mpole, aliweka. Yake aliiacha kwa Kifaransa. Ruphin yeye alikuwa ameiamuru programu igeuze kila kitu kiwe Kirusi, kinachotoka na kinachoingia, ili kisionekane ni cha mtumwa. Basi akaandika facture kwa Kiswahili safi, akafika mwisho, akaandika: suti ya baba, vipande vitatu. Njiwa akameza, akatema Kirusi. Ruphin akakitazama kile Kirusi kwa mahaba, hakuelewa hata nukta, akatuma. Akaongeza ujumbe wa sauti: kilichoandikwa kimeandikwa, na atakayebadilisha hata herufi moja ameitukana nyumba yake.

Kesho yake Onesphore alituma swali. Likamfikia Ruphin likiwa limekwisha geuzwa Kirusi, na chini yake vifungo viwili: Da, na kingine. Ruphin akabonyeza Da. Likaja swali la pili. Da. La tatu lilikuwa na picha ya futikamba, hapo hata yeye alielewa. Marie-Jeanne akampima kifua, kiuno na nyonga. Alipofika nyongani akasita.

"Nyonga ya nini? Suruali ya mwanaume inapimwa vile?"

"Fundi mukubwa anapima yote."

Jumapili, baada ya misa, aliwatangazia watu kwenye ngazi za kanisa kwamba mashine za Wamarekani hukosea kwa makusudi, lakini Golubok haijapata kukosea tangu iumbwe. Machano hakuwepo, yeye ni Mwislamu, ila alisimuliwa kabla ya saa nane.

Jumamosi ya wageni ikafika. Nyumba ya vyumba viwili pale Greyville ilijaa mpaka mlangoni. Pascal alikaa kwenye stuli akitoka jasho. Machano, aliyealikwa kwa sababu asingealikwa angekuja vilevile, alijipatia kiti karibu na vyakula. Ruphin alikaa katikati, kwa mara ya kwanza bila lile koti la mtumba. Alikuwa amelitupa asubuhi, kwa sherehe, kwenye pipa la chini.

Vitu vikatolewa kimoja kimoja, vigelegele vikipigwa. Kitenge cha mama kilishangiliwa. Mwisho Onesphore akasimama na sanduku kubwa, kalishika kama anabeba mtoto wa ubatizo.

"Sisi wa Isipingo tumeleta na nguo ya bibi," akasema. "Bibi iko wapi, avae?"

Watu wakatazamana.

"Bibi gani?" Marie-Jeanne akauliza. "Humu hakuna bibi."

Onesphore akafungua sanduku. Ilikuwa kazi nzuri, hilo lazima lisemwe. Rangi ya bluu ya usiku, bitana ya hariri. Kipande cha kwanza, koti lenye kiuno kilichoingia ndani. Cha pili, sketi. Cha tatu, kilemba cha kitambaa hichohicho.

Kuku aliyekuwa mkononi mwa Machano alishuka taratibu mpaka kwenye sahani.

"Nilifuata facture," Onesphore alisema, akitoa simu kwa mikono miwili. "Mwisho kabisa: costume ya bonne femme, pièces tatu."

Njiwa alikuwa amefanya kazi yake. Alipokuta neno "baba" hakuligusa, kwa sababu Warusi nao wanalo, na kwao baba ni mwanamke, tena si malkia, ni yule kimama wa shambani mwenye kilemba na kelele. Kutoka hapo kwenda kwenye bonne femme ya Kifaransa cha Onesphore, ambaye naye ni mama mtu mzima, hakukuwa na kona.

"Na niliuliza, baba mukwe," fundi akaendelea, jasho likimtoka. "Niliuliza: ni sketi kweli? Ukajibu Da. Nikauliza tena: ifike ku goti ao ku kifundo? Ukajibu Da. Basi nikakata katikati."

Machano alikuwa tayari amejifunika uso kwa kitambaa cha meza. Alipoweza kupumua akasema, karibu kwa huruma, "Bra Py, sema mashine imekosea. Maneno mawili tu. Tutacheka, tutakula, mzee atashona nyingine."

"Papa, sema tu," Grâce akanong'ona. Alikuwa amemshika Pascal mkono, na macho yalikuwa yameanza kulowa. "Je t'en prie, Papa. Sema imekosea."

Ruphin aliitazama simu yake. Akawatazama watu wa kanisa, wale wale wa kwenye ngazi. Mlango wa heshima ulikuwa wazi mbele yake, mpana kiasi cha kupitisha ng'ombe, na mtu huyu, ambaye maisha yake yote hajawahi kubonyeza "umesahau?", aliupita kando.

"Haijakosea," akasema. "Ni mimi niliagiza."

Akachukua sanduku, akaingia chumbani. Marie-Jeanne akamfuata na pini. Sebuleni Machano alikuwa akilia kwa furaha kama mtu aliyefiwa.

Mlango ulipofunguliwa, Ruphin alitoka polepole, kwa hatua fupi, kwa sababu sketi haikuruhusu nyingine. Kilemba alikivaa upande, kwa madaha. Grâce alicheka na kulia kwa pamoja. Wanawake wa kanisa wakapiga vigelegele, wakasema, huyo ndiye baba. Waliomfahamu wakasema, huyo ndiye Ruphin.

Onesphore akasimama, akainamisha kichwa, kwa maana desturi lazima ifungwe.

"Baba mukwe, mbele ya hawa wote, tunauliza kwa heshima. Suti umeipokea? Umeionaje?"

Kila mtu akainama mbele asikie. Ruphin akaipapasa sketi mbele, akaipapasa nyuma, akatazama nje ya dirisha kule kwenye uwanja wa farasi, kwa muda mrefu, kama mtu anayewaza mambo ya dunia.

"Inabana kiunoni," akasema.