Mkono wa Kushoto wa Nahodha

Mkwe wangu ni kinyozi, na angekuwa kinyozi mzuri kama mdomo wake ungetulia mkono unapofanya kazi. Saluni yake ina viti viwili, kioo chenye ufa, na televisheni aliyoitundika juu kuliko picha ya ndoa yake. Humo hutazamwa tamthilia moja tu: watu wanazurura angani ndani ya chombo chao, mwaka wa ishirini sasa, na hawajafika popote. Wangekuwa ng'ombe tungeshawauza.

Ugomvi wote ni mkono. Zamani nahodha wa chombo hicho alibanwa na mlango wa chuma, mkono wa kushoto ukakatika. Juzijuzi wakamleta mwigizaji mwingine, nahodha yuleyule kwa jina, mikono yote miwili mizima. Mwenye akili angesema wamesahau, akaenda zake kulala. Mkwe wangu akatangaza kwamba vipindi vipya havihesabiki. Mteja akisema vinahesabika, mashine inazimwa. Fundi bomba mmoja alimjibu, "Labda mkono umeota tena," akatolewa nje amenyolewa nusu kichwa. Nawaambieni, ile nusu iliyobaki iliogopa kurudi pale mpaka ikaota mvi, na nusu ya pili bado ya kijana.

Wateja wakaisha. Wakabaki mashabiki wawili wa upande wake, wote wana vipara.

Huku nyumbani binti yangu anapikia uani. Mvua ikinyesha, mchuzi unaongezeka wenyewe. Alipoolewa aliahidiwa jiko la ndani. Ahadi hiyo ni kubwa kuliko mtoto wao wa kwanza, na mtoto mwenyewe ana ndevu. Siku mvua ilipouzima moto maharage yakiwa bado mabichi, alibeba sufuria zake akaja kwangu. Harudi mpaka jiko lisimame.

Mkwe akaja kumfuata, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Matofali umeyaacha nje?"

"Mama, habari za jiko ni za zamani. Tulikuwa vijana. Mtu hashikwi kwa maneno ya enzi zile."

Binti yangu alikuwa anamenya vitunguu. Kisu kikasimama.

"Kwa hiyo ya zamani hayahesabiki?"

"Hayahesabiki, mama watoto. Tutazame ya sasa."

"Basi nahodha ana mikono miwili."

Nilidhani mwanaume amemeza nzi.

"Hayo... hayo ni mengine kabisa!"

"Mengine kivipi, baba?" nikamchokoza. "Au ule mlango haukumkata?"

"Ulimkata!" Machozi yakamlengalenga. "Ulimkata, mama, nimeona kwa macho yangu!"

"Na jiko uliahidi, nimesikia kwa masikio yangu. Sasa chagua. Kesho napita saluni kuwasalimia wale vipara wako, niwape habari kwamba kwako ya zamani hayahesabiki."

Mke kuondoka hakukumtikisa, watoto kula maharage mabichi hakukumtikisa. Mkono wa mtu asiyekuwepo ndio ulimtoa jasho.

Matofali yalishushwa wiki hiyohiyo. Vipara wawili wakakoroga saruji, kazi yao ya kwanza ya maana tangu wazaliwe. Binti yangu amerudi kwake, anapika mvua ikigonga bati, na majirani wanasema hakuna mume anayempenda mkewe kama yule kinyozi.

Nami naitikia. Jiko zuri, nasema, ukizingatia limejengwa na mkono mmoja, tena uliokatika.