Shingo Isiyo na Shanga

Mwaka 2012 nilifundisha saikolojia kwa walimu wa Kakuma, na kila Ijumaa nilirudi Lodwar, nilikopanga chumba kwa mama mmoja wa Kiturkana. Mama huyo alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni, lililoanza kumbana pumzi. Daktari alikubali kulikata kwa masharti mawili: shanga za shingoni zivuliwe, na presha ishuke.

Shanga hizo alizivaa tangu kuolewa. Mwenye mume hazivui. Muuguzi alipokata uzi wa mwisho, ikatokea shingo yenye ngozi laini kama ya mtoto. Mama akaifunika kwa viganja.

"Mume wangu yu hai," alisema. "Mmenivua kwa matanga ya nani?"

Presha ikapanda, na dawa hazikuituliza. Daktari akaahirisha upasuaji kwa wiki moja. Nilipomuaga mama kurudi kazini, aliniomba nimletee mke mwenzake, mke mkubwa, aliyekaa Lopur, karibu na Kakuma.

"Ndiye aliyenipaka mafuta siku niliyovishwa shanga."

Ijumaa nikarudi naye hospitalini, tukamkuta mama bado ameifunika shingo kwa viganja. Walizungumza Kiturkana, muuguzi akanifasiria.

"Ejok," mke mkubwa alisalimu, kisha akamkagua. "Kumbe una shingo! Mimi nilidhani kichwa chako kimekalia shanga tu."

"Nipake mafuta, acha maneno."

Akamimina mafuta kiganjani, akaanza kumpapasa polepole, kutoka chini ya sikio hadi begani, bila kuligandamiza rovu. Wiki ileile nilikuwa nimewachorea walimu ubaoni mishipa ya fahamu iliyomo ngozini, ambayo huitikia hasa mguso wa taratibu wenye joto la mwili, na kupeleka habari zake katika sehemu ya ubongo inayohusika na hisia. Mchoro ule ulikuwa sahihi. Haukuonyesha, hata hivyo, jinsi mabega ya mtu yanavyoshuka, wala jinsi viganja vinavyoiachilia shingo vyenyewe.

Muuguzi alipima presha, akapima tena.

"Imeshuka."

Sidai kwamba ni kazi ya mkono peke yake. Dawa nazo zilikuwamo mwilini. Lakini dawa zilikuwamo wiki nzima.

Alipasuliwa salama. Alipozinduka, shingo ikiwa imefungwa bendeji, aliulizia shanga zake kwa sauti iliyokwaruza. Mke mkubwa alikuwa akimpapasa paji la uso, kwa kuwa shingo haikufikika.

"Kidonda kipone kwanza," alimwambia. "Hadi hapo, shingo hii ni yangu."